Alama za vidole kwenye eneo la tukio: namna ya kuzilinda, kuzitoa na kuzisoma

Duka limevunjwa usiku, vioo vya dirisha vimeegemezwa ukutani na droo ya pesa iko tupu. Kabla ya askari kufika, watu kumi wameshaingia. Huyu amelishika kufuli kulitazama, yule ameirudisha droo mahali pake, mwengine amechukua ufagio ili pakae vizuri. Alama za vidole hupotea zaidi hapo kuliko maabara. Kwa hivyo mwongozo huu unaanza na mwenye nyumba, jirani na sheha, ndipo uende kwa mpelelezi na mtaalamu wa kulinganisha.

Kabla ya polisi kufika

Watoe watu wote kwa njia moja, na iwe ile ambayo mwizi hakuipita. Funga kamba hatua kadhaa kutoka mlangoni. Kamba ya kuanikia nguo inatosha. Andika majina ya wote waliokwisha kuingia na kila walichokishika, kwa sababu alama zao zitatakiwa baadaye. Usipige deki, usirudishe kioo, usijaribu kama kufuli bado linafunga, wala usitumie bomba na choo cha ndani, maana wezi nao hunawa mikono.

Kama kuna kitu kimelala nje na mvua inakuja, usikiburure ndani na usikifunike kwa nailoni. Nailoni ikigusa inafuta, na isipogusa inafungia unyevu. Pindua beseni au ndoo kubwa juu yake bila ya kukigusa, weka jiwe juu ya beseni ili upepo usilibebe, kisha subiri.

Glovu zinahitaji tahadhari yake. Wengi hudhani aliyevaa glovu anaweza kushika chochote. Glovu zinakuzuia wewe kuacha alama zako. Hazizuii kufuta za mwengine. Chupa iliyokamatwa kiunoni kwa mkono wa mpira imeharibiwa sawasawa na iliyokamatwa kwa mkono mtupu. Ukilazimika kukihamisha kitu, kishike pale ambapo mtu wa kawaida hakishiki: chupa kwa mdomo na kitako, kioo kwa kingo, simu kwa pembe zake. Vaa glovu za nitrili zenye unene wa kutosha, kwani nyembamba sana zikishabana na kulowa jasho huweza kupitisha umbo la mistari ya kidole chako.

Kilichomo ndani ya alama

Mistari ya vidole na viganja huanza kujengeka tumboni mwa mama, takriban wiki ya 10 ya mimba, na mpangilio wake unakuwa umekamilika miezi kadhaa kabla ya kuzaliwa. Mgandamizo na ukuaji ndani ya mfuko wa uzazi huchangia, ndiyo maana hata pacha wanaofanana kwa kila kitu hawana alama moja. Kuchubuka kwa juu hakuibadilishi. Ngozi ikiota, mistari inarudi ile ile. Kovu lililofika ngozi ya ndani ndilo linalobaki, nalo linakuwa kitambulisho kingine.

Kinachoachwa kwenye kioo ni jasho, ambalo karibu lote ni maji, pamoja na chumvi, asidi za amino na mafuta ambayo vidole huyapata usoni na kwenye nywele. Maji yanakauka mapema. Chumvi, asidi na mafuta hubaki, na kila njia ya kutoa alama inashika kimojawapo kati ya hivyo. Ukilifahamu hili, utajua kwa nini karatasi iliyolowa haipelekwi kwenye dawa inayotafuta asidi za amino: maji yameshazichukua.

Baadhi ya alama huonekana wazi, kama za damu, grisi au rangi. Baadhi zimechapwa kwenye kitu laini kama sabuni, mshumaa au gundi ya kioo iliyokuwa mbichi. Hizo zote hupigwa picha kwanza na haziguswi na brashi. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hazionekani mpaka zitafutwe.

Wapi pa kutafuta

Fuata mkono wa mwizi, usifuate macho yako. Jiulize aliingilia wapi, alijiegemeza wapi, alisukuma nini ili apate nafasi, alichukua nini akakiacha.

Chukua dirisha la luva, ambalo bado liko kwenye nyumba na maduka mengi ya Unguja na Pemba. Mwizi hukunja ule ubati wa alumini unaoshika kioo, kisha anakivuta kioo kwa mikono miwili na kukiweka chini taratibu kisilie. Kwenye kila ncha ya kioo anaacha dole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, tena kwa nguvu, kwa sababu anaogopa kisimponyoke. Kioo kimoja kinaweza kukupa vidole vya mikono yote miwili vikiwa katika mpangilio wake. Lakini ukivibeba vioo vitano kama vilivyo ukavirundika ndani ya gari, umebaki na vioo vitupu. Kila kimoja kipewe namba, kibandikwe kijikaratasi kwenye pembe kuonyesha upande uliotazama nje, na kiandikwe kilikuwa cha ngapi kutoka chini. Kwa kawaida upande wa nje una chumvi na vumbi zaidi, na hilo linakusaidia kuhakikisha.

Baada ya dirisha, angalia kizingiti chake: anayejipenyeza huweka kiganja kizima. Viganja vina mistari mingi kuliko vidole na mara nyingi husahauliwa. Angalia sehemu ya juu ya friji, chini ya droo, balbu iliyolegezwa, na upande wa gundi wa tepu yoyote aliyoikata kwa mkono.

Sasa nyuso zenyewe. Ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe haufai kwa unga: una vinyweleo, unapukutika, na brashi itaondoka na chokaa. Lakini kuta nyingi za ukumbini na ngazini zimepakwa rangi ya mafuta kuanzia chini hadi kifuani, na hiyo ni sehemu nzuri sana. Mlango wa kuchonga wenye mafuta ya miaka mingi una matumaini madogo kwenye nakshi zake. Njumu za shaba, kufuli na komeo ndivyo vya kushughulikia. Chumvi ya jasho hula shaba, na alama nyengine hubaki imechorwa kwenye madini yenyewe hata baada ya kufutwa kwa kitambaa. Gunia la karafuu, jamvi, makuti na kamba usipoteze muda navyo. Kama ni ghala la karafuu lililovunjwa Wete au Mkoani, kazi iko kwenye kufuli, sahani ya mizani, mlango wa bati na karatasi za stakabadhi.

Mwanga kwanza, kamera ya pili, brashi ya tatu

Zima taa, funga madirisha, na elekeza tochi yenye mwanga mkali kwa pembe ya chini sana, karibu ilale juu ya uso wa kitu. Izungushe taratibu. Alama nyingi kwenye kioo, plastiki na rangi ya mafuta huonekana hapo hapo bila ya dawa yoyote, na inayoonekana kwa mwanga ipigwe picha kabla ya kuguswa.

Piga picha tatu kwa kila alama. Ya mbali inaonyesha chumba, ya katikati inaonyesha kitu na alama ilipo, na ya karibu inaonyesha alama pamoja na rula ya milimita iliyolala kwenye usawa ule ule. Kamera isimame juu ya tripodi, lenzi ikitazama alama moja kwa moja. Ikiinama kidogo tu, umbali baina ya mistari unabadilika na ulinganishi unakuwa wa shaka. Kipimo kinachotakiwa kwa alama za eneo la tukio ni pikseli 1000 kwa inchi. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 upande mrefu, kwa hivyo picha ya karibu isichukue eneo lenye upana zaidi ya sentimita 15. Simu ya mkononi inatosha kwa picha mbili za mwanzo. Ya tatu inahitaji kamera yenye lenzi ya karibu.

Kama kuna matumaini ya vinasaba (DNA), uamuzi wa kuchukua vinasaba au kupaka unga ufanywe hapa, si baadaye. Brashi moja inayopita vitu vingi inaweza kuhamisha vinasaba kutoka kimoja hadi chengine.

Kupaka unga

Unga mweusi hutumika kwenye uso mweupe au wa rangi nyepesi, na mweupe kwenye uso mweusi. Unga wa alumini ndio unaoshika vizuri kwenye kioo. Unga wa sumaku, unaopakwa kwa kijiti cha sumaku kisichokuwa na nywele, ni mzuri kwa plastiki lakini haufai kwa chuma, kwani chuma chenyewe kitauvuta. Vaa barakoa, maana unga huu haufai kuvutwa kifuani.

Usichovye brashi ndani ya chupa. Mimina unga kidogo, kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, juu ya karatasi safi. Gusisha ncha za nyuzi, kisha zungusha mpini baina ya vidole ili unga uliozidi udondoke. Kabla ya kugusa sehemu yenyewe, fanya jaribio: bonyeza kidole chako pembeni mwa kitu hicho hicho, mbali na eneo la kazi, upake, utazame. Ikiwa uso mzima unageuka mweusi, unga huo si wake au pana unyevu. Jaribio liandikwe kwenye daftari na lifutwe, lisije likachukuliwa kama ushahidi.

Pitisha brashi kwa wepesi, ncha tu ndizo ziguse. Mistari ikianza kutokea, badilisha mwendo wa brashi ufuate inakoelekea mistari, halafu acha mapema kuliko unavyotamani. Kosa kubwa la anayejifunza ni kutaka alama iwe nyeusi zaidi. Unga unajaa kwenye mabonde baina ya mistari na mambo madogo yote yanazibwa. Alama hafifu iliyo safi inasomeka, iliyojaa unga haisomeki. Piga picha tena.

Kuinua alama, tumia tepu pana ya kazi hiyo, ya sentimita 5. Bandika ukingo mmoja nje ya alama, ukandamize, kisha shusha tepu kwa dole gumba ukitanguliza kutoka ukingo huo ili hewa itoke mbele. Povu moja la hewa ni shimo jeupe katikati ya alama. Ng'oa kwa mwendo mmoja bila ya kusita, kwa sababu pale unaposita pana msitari unaobaki. Bandika kwenye kadi, nyeupe kwa unga mweusi na nyeusi kwa unga mweupe au wa alumini.

Nyuma ya kadi andika papo hapo: namba ya kesi, namba ya alama, tarehe na saa, anwani, kitu na sehemu yake, mshale wa kuonyesha juu, mchoro mdogo, jina na sahihi yako. Kadi isiyo na mshale imepoteza nusu ya thamani yake. Dole gumba lililotazama chini upande wa ndani wa kioo cha luva linaeleza mkono ulioshika kioo kukitoa. Dole hilo hilo lisilojulikana lilielekea wapi linaweza kuwa la mteja aliyeegemea dirishani akiulizia bei ya sukari.

Unyevu na chumvi ya visiwani

Mwongozo ulioandikwa kwa nchi kavu na baridi hautoshi hapa. Nyumba zilizo karibu na bahari zina utando wa chumvi kwenye vioo na vyuma vyote, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Unga ukipakwa alfajiri unafanya madonge. Subiri jua lipande na uso ukauke wenyewe. Usipulize kwa mdomo, usifute, usitumie mashine ya moto ya kukaushia nywele, kwani joto linayayusha mafuta. Chupa iliyotoka kwenye friji, au kitu kilichotolewa chumba chenye kiyoyozi kikapelekwa nje, hutoa jasho ndani ya dakika chache. Kiachwe kipate joto la hapo na kikauke.

Kitu kilicholowa, kama kifuniko cha mashine ya boti iliyoibiwa na kutupwa ufukweni, kina nafasi bado. Maji huondoa chumvi na asidi lakini mafuta hubaki. Kwa plastiki, kioo na chuma kilichopakwa rangi kuna dawa ya maji yenye chembe nyeusi za molibdenamu disalfaidi. Hunyunyizwa, chembe hushika mafuta, kisha kitu husuuzwa taratibu kwa maji safi. Waeleze maabara kwamba yalikuwa maji ya bahari na kitu kilikaa humo kwa muda gani, kama unajua.

Vielelezo vifungwe kwenye bahasha au boksi la karatasi, visiwe ndani ya nailoni. Ndani ya nailoni, kwa joto letu, karatasi huota ukungu kwa siku chache. Chupa na kioo vifungwe kwa kamba au vibanio katikati ya boksi, visiguse kuta zake, hasa kama vitavuka na meli kutoka Pemba kwenda Unguja, kwa sababu mtikisiko wa saa kadhaa unasugua kila kinachogusana. Kila mkono unaopokea boksi utie sahihi, tarehe na saa. Wakili wa mshitakiwa ataulizia pengo la saa moja, na ana haki ya kuuliza.

Yanayoachiwa maabara

Karatasi hazipakwi unga kwenye eneo la tukio. Hupigwa picha, na kama mwandiko au wino unahitaji kuchunguzwa, hilo linatangulia, kwa kuwa dawa zinaweza kuutiririsha wino. Halafu mpangilio wa dawa ni huu: indandioni au DFO, ambazo hung'ara chini ya mwanga maalumu, kisha ninhidrini, inayogeuza asidi za amino kuwa zambarau, vizuri zaidi kwenye nyuzi 80 za joto na unyevu wa asilimia 65, mwisho dawa ya madini ya fedha, ambayo ndiyo pekee kati ya hizo inayofaa kwa karatasi iliyolowa. Ukiupindua mpangilio huo, dawa ya mwisho inaua za mwanzo.

Plastiki na vyuma huingizwa kwenye kabati la mvuke wa sianoakrilati, ile gundi inayoganda upesi. Gundi hupashwa moto hadi takriban nyuzi 120, unyevu wa kabati ukiwa asilimia 80, na mvuke unajenga weupe mgumu juu ya mistari. Usijaribu kwenye boksi nyumbani: mvuke huo unaumiza macho na pumzi, na bila ya kudhibiti unyevu alama ama haijengeki ama inazibwa. Damu ina dawa zake za kuitia rangi, na kabla ya hapo inagandishwa kwa dawa ili isitiririke.

Alama za wasio na hatia

Bila ya alama za wenye nyumba, wafanyakazi, majirani walioingia na askari wenyewe, mtaalamu atatumia siku nzima kumtafuta mtu ambaye ni mke wa mwenye duka. Chukua vidole kumi na viganja viwili kwa kila mmoja, kwa hiari yake na kwa maelezo ya wazi kwamba ni za kumtoa kwenye hesabu.

Nawisha mikono kwa sabuni, kausha, pitisha spiriti. Wino uwe utando mwembamba. Viringisha kila kidole kutoka ukingo wa ukucha hadi ukingo wa pili: madole gumba yakielekea mwilini, vidole vingine vikielekea nje, ndivyo mkono unavyolegea wenyewe. Mwambie mwenye mkono atazame pembeni na asikusaidie; akisaidia, anateleza.

Mikono ya kazi za huku inahitaji subira. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, mvunja kokoto na mvuvi wa kamba huwa na mistari iliyolika kwa maji ya chumvi na mawe. Tumia wino mdogo zaidi, mkandamizo mdogo zaidi, na rudia. Isiposhika, mwite tena baada ya wiki moja au mbili za kupumzisha mikono, kwani mistari huota kutoka ndani. Hina haifuti mistari, lakini ikiwa nzito na mbichi kwenye ncha za vidole, wakati mwengine mashine ya kidijitali inashindwa. Rudi kwenye wino.

Kulinganisha

Mtaalamu huanza na umbo la jumla: kitanzi, ambacho ni takriban asilimia 60 hadi 65 ya vidole vyote, mzunguko, asilimia 30 hadi 35, na tao, kama asilimia 5. Umbo linaweza kumwondoa mtu kwenye orodha, haliwezi kumtia hatiani. Kinachotambulisha ni mambo madogo: pale msitari unapokatika, unapogawanyika panda, kisiwa kifupi, kitone, na nafasi ya kila kimoja kwa chenziwe.

Hatua ni nne: kuichambua alama ya tukio peke yake na kuandika kilichoonekana, kuilinganisha na ya mtu, kuamua, na kuhakikiwa na mtaalamu wa pili. Mwisho wa uamuzi ni moja kati ya tatu: ni yake, si yake, au haitoshi kuamua. Uingereza na Wales zilidai vituo 16 vya kufanana, yaani mambo madogo 16 yanayolingana, mpaka mwaka 2001, zilipoiacha hesabu hiyo, kwani vituo vichache vilivyo wazi vyaweza kuzidi vingi vilivyofifia.

Sisi tunashikilia sana hatua ya kwanza ifanyike kabla ya kuiona alama ya mtuhumiwa. Baada ya mabomu ya treni za Madrid ya tarehe 11 Machi 2004, FBI ilimkamata wakili mmoja wa Oregon kwa alama iliyokutwa kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na viwashio vya mabomu. Kompyuta ilimtaja katika orodha ya wanaokaribiana, wataalamu kadhaa wakakubaliana, hata wa nje aliyeteuliwa na mahkama. Polisi wa Hispania wakaja kuonyesha kwamba alama ile ilikuwa ya raia wa Algeria. Uchunguzi wa baadaye ulibaini kwamba wataalamu walikuwa wameshaanza kuona kwenye alama hafifu yale waliyoyajua kutoka alama safi ya wakili, na wahakiki walijua jibu la mwenzao kabla ya kuanza. Kwa hivyo mhakiki asipewe jina, wala jibu, wala khabari kwamba mtu ameshakiri.

Ripoti ieleze pia kile ambacho alama haisemi. Haisemi iliwekwa lini. Hakuna njia ya kuaminika ya kuipima umri. Tarehe hupatikana kwa maelezo ya watu: nani aliosha vioo, kwa nini, siku gani. Kama mfanyakazi aliosha vioo vyote vya luva Alkhamisi jioni na duka likavunjwa usiku wa kuamkia Ijumaa, andika maelezo yake siku ile ile, na yeye aitwe shahidi pamoja na mtaalamu. Mahkamani peleka kadi za asili, picha zilizokuzwa zenye vituo vilivyowekewa namba, na daftari la eneo la tukio.

Alama iliyokosa mwenyewe isitupwe. Iingizwe kwenye mfumo wa kompyuta wa kutafutia alama kama isiyojulikana, na kadi itunzwe mahali pakavu, kwani kila anayekamatwa baadaye kwa kosa jengine huingizwa kwenye mfumo huo huo na alama za zamani zinaweza kutafutwa upya dhidi yake.